Kundi la Septemba

Dereva wa basi la shule huko Vermont, Marekani, huwasemesha nyuki wake kwa sauti ileile anayowatulizia watoto. Malkia wa kundi lake moja dogo alizaliwa Septemba, majira ya baridi yakikaribia, na nyuki wa malkia huyo hawajazi hata viganja viwili.

"Muue huyo malkia, uwachanganye na wengine," Delbert, jirani wa dereva, alimshauri. "Baridi itawamaliza, bibie."

"Kwani kuchelewa kuzaliwa ni kosa?"

Akalipandisha sanduku lao juu ya mzinga wenye nyuki wengi ili joto lao liwafikie, akawatandazia sukari kavu juu ya masega iwe chakula chao. Januari, theluji ikiwa magotini, alivua kofia, akabandika sikio kwenye ubao wa sanduku hilo dogo, akagonga kwa kidole. Kimya. Akagonga tena. Ndani mkavuma kidogo.

"Wapo!" alimpigia kelele Delbert, aliyekuwa ng'ambo ya ua. Sikio lilikuwa limekufa ganzi, lakini hakulibandua.