Ukuta wa Chumba cha Sita

Jua halijapanda juu ya makuti ya Temeke, na Gaudens Mbawala ameshachanganya udongo. Anaukanyaga kwa miguu, anauchota kwa mikono, anaubamiza kwenye fito. Leo hakandiki nyumba ya mtu. Anagawa chumba anacholala na mkewe.

Felicitas, mkewe, amelala nyuma ya fito, upande usio na dirisha, wenye mlango mpya uliotobolewa jana. Kifua kinamsumbua tangu masika ya mwaka jana.

"Umenijengea banda la kuku, baba Didas," anasema.

"Kuku halalamiki hivyo. Vumilia, Bwana Awadh anakuja mchana."

Gaudens alitoka Songea mwaka 1946. Nyumba hii aliijenga mwenyewe, vyumba vinne na ukumbi katikati. Siku hizo huku kulikuwa na mikorosho mitupu. Tangu chuo kifunguliwe jirani, vijana wa bara wanahangaika kutafuta pa kulala, na chumba kinapangishwa shilingi kumi na tano kwa mwezi, kiwe kipana, kiwe chembamba. Ndiyo maana mnunuzi hapimi nyumba. Anasimama ukumbini, anahesabu milango.

"Nimegawa vyumba vya watu mtaa mzima," anasema Gaudens, bila kujisifu. "Mie nilikuwa napokea ujira wangu naondoka. Sijapata kulala humo."

Mwezi uliopita aligawa chumba kimoja, vikawa vitano. Awadh, mwenye duka anayenunua nyumba za kupangisha wanafunzi, alimwahidi shilingi elfu tatu vikifika sita. Kwa vitano, ni elfu mbili na mia nne. Gaudens anataka kumrudisha mkewe Songea, karibu na hospitali ya misheni na karibu na Didas, mtoto wao anayelelewa na bibi yake. Tofauti ile ya mia sita ndiyo ingewalisha hadi apate kazi huko.

Awadh anafika ukuta ungali unatoa maji. Anapita ukumbini akigusa kila mlango. Anapofungua wa sita, Felicitas anakohoa, na kikohozi hakiishi upesi.

"Pole, mama," anasema Awadh. Anasimama kidogo. "Pole sana."

Anaufunga mlango taratibu, anamvuta Gaudens nje.

"Fundi, hicho sikihesabu."

"Si mlango ule, Bwana Awadh?"

"Mlango nauona. Wanafunzi wakisikia alilala mtu wa kifua, hawaingii hata bure."

"Nitapaka chokaa."

"Paka. Wataambiwa na majirani." Awadh anatazama chini. "Vitano, fundi. Kesho nakuja na shahidi."

Gaudens anabaki uani, udongo ukimkaukia mikononi. Kisha anachukua jembe, anaingia ndani, anaanza kuubomoa ukuta kuanzia juu. Mwanga wa dirisha unamfikia Felicitas miguuni, halafu kifuani.

"Si ungengoja ukauke?"

"Ukikauka utakuwa mgumu."

Anacheka, naye Felicitas anajaribu kucheka.

Wanatarajia kuondoka kwa lori baada ya malipo, kama Felicitas ataweza kukaa safari nzima. Gaudens hana hakika kama ataweza. Anachojua ni atakachojenga wakifika.

"Chumba kimoja tu," anasema, akizoa madonge ya udongo. "Madirisha mawili."