Mke wangu akizidiwa na maumivu anaimba, daktari anadhani amepata nafuu

Admin, naomba unifiche jina. Sura usijisumbue nayo, ilishaharibika na hakuna anayeitafuta. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, polisi mstaafu, naishi hapa Kampala upande wa Nakawa. Shule tuliachana darasa la nne, mimi na mwalimu sote tukashukuru Mungu, kwa hiyo mkikuta neno limekaa vibaya mlisogeze wenyewe.

Nina mke mmoja. Nilitaka kuongeza wa pili, akasema niongeze kwanza akili. Mimi namwita Afande, yeye ananiita Konstebo, na cheo changu hakijapanda tangu siku aliyonioa. Afande anaumwa kansa. Ilianzia kwenye titi, wakalikata, sasa imeingia mifupa ya mgongo. Madaktari walituambia wazi kwamba kuiondoa hawawezi tena. Hilo tulilimeza. Linalonishinda kumeza ni maumivu yake, maana anaumwa mpaka shuka linalowa jasho, na dawa anayopewa ni Panadol, ile ile ninayokunywa mimi nikiamka na kichwa cha pombe ya malwa.

Sasa mjue mwanamke huyu ni wa namna gani. Kwao kaskazini, mwanamke akilia wakati wa kuzaa wenzake wanamcheka kisimani mpaka mtoto aote meno. Watoto wangu sita aliwazaa kambini, ndani ya yunipoti, vile vibanda vya bati vya polisi ambavyo jirani akipiga chafya wewe unamwambia pole. Mara zote sita majirani walijua amejifungua waliposikia mtoto akilia. Kutoka kwake walisikia nyimbo za kanisa tu. Mpaka leo ni hivyo. Maumivu yakija anaimba, yakizidi anapandisha sauti. Watu wanapita hapa mlangoni wananiambia, "Mzee, leo mama ametubariki." Nami najibu asante, nimesimama pale kama nguzo ya umeme isiyo na umeme.

Mara ya kwanza tulipoyapeleka maumivu hayo hospitali tulimkuta daktari kijana, mpole, umri wake sawa na koti langu. Akamwonyesha karatasi yenye picha za sura, ya kwanza inacheka, ya mwisho inabubujika machozi. Akasema, "Nnyabo, nionyeshe ipi inafanana na maumivu yako." Afande akavaa miwani, akazitazama zote, akagusa ile inayocheka. Mimi nikapeleka kidole kwenye ile inayolia. Daktari akaniuliza, "Mzee, mgonjwa ni wewe au ni mama?" Nikamwambia, "Ukimpa dawa yeye, mimi napona." Akacheka sana. Hiyo ndiyo hasara ya mdomo wangu, nikisema kweli watu wanacheka. Akaandika Panadol.

Tulipotoka nje nikamuuliza, "Afande, ulikuwa unachagua bwana au unaonyesha ugonjwa?"

Akasema, "Kijana wa watu amenisalimia kwa heshima. Nimwonyeshe sura imenuna?"

Tuna jirani Mkongo, mama mmoja mjane anayeuza sombe, yale majani ya muhogo. Siku moja aliniletea fungu, akasimama uani akisikiliza mke wangu anavyoimba. Yeye hakusifu. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Baba, mama anaumwa hivi tangu lini?" Ndipo akanieleza kwamba marehemu mume wake aliumwa mifupa hivyo hivyo, hapa hapa Kampala, wakampa mofini, dawa ya maji, unapewa ndani ya chupa kama ya maji ya kunywa. "Alikunywa, akalala kama mtoto. Akaamka akaniuliza sombe iko wapi. Alikufa, ndiyo, lakini alikufa akiongea na mimi. Museme kwa daktari, baba. Mgonjwa asiposema, ile dawa hawatoi."

Wiki iliyopita tukarudi. Kwenye benchi Afande akaanza kuimba polepole. Tulipoitwa ndani sauti ikapanda, macho ameyafunga, jasho kwenye mdomo wa juu. Yule kijana akatabasamu, akasema, "Mama leo una nguvu. Naona dawa inafanya kazi." Nikafungua mdomo nimwambie. Afande akanishika mkono akaubana mpaka pete yake ikanichubua. Nikaufunga. Akaandika Panadol.

Nyumbani nikamwambia safari ijayo nitasema yote, nitasema anavyouma kanga, nitasema wimbo ni kilio. Hakunifokea. Ningependa angefoka. Akasema, "Konstebo, ukiwaambia hayo umenivua nguo mbele ya watoto wale wa hospitali. Nimezaa mara sita nyuma ya bati na hakuna aliyenisikia. Niache nife nimevaa."

Sasa ndugu zangu, Jumanne tunarudi. Nikisema, huenda akapata ile chupa, akalala, akaamka akanitukana kama zamani. Lakini pia anaweza kuikataa na asiseme nami tena. Namjua, akinuna ananuna miezi mitatu, na daktari hakutuahidi mitatu. Nikinyamaza, nitakuwa nimelinda heshima yake huku mifupa inamla.

Mmezoea kunicheka hata nikiandika kuhusu bei ya unga wa posho. Leo nawaomba msicheke. Wenye wagonjwa, wauguzi, wanawake mliozaa bila kulia, niambieni huyu mzee Jumanne afungue mdomo au aufunge. Nijibuni mapema. Ameanza tena humu ndani, sauti iko juu kabisa, na jirani wa mbele ameninyooshea kidole gumba juu ya ua.