Cheo Kilichokuja Nilipokuwa Nangina

Kwa miaka sita niliandaa hati za forodha katika ofisi ndogo ya uwakala kule Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na msimamizi wetu alipohamia Mombasa sikuwa na shaka kwamba kiti chake ni changu. Lori likikwama kwa sababu namba ya sili inayofunga mlango wa kontena haifanani na ile ya karatasi, mimi ndiye niliyeitwa.

Siku ya mahojiano bosi aliniuliza, "Ukitoka kwenye meza yako, nani atafanya kazi yako?"

"Hakuna, bosi," nikajibu kwa fahari. "Ni mimi tu ninayeijua vizuri."

Akaandika kitu. Nilitoka nikitabasamu.

Cheo alipewa dada mmoja ambaye hakuwa amemaliza miaka miwili kazini, na hati zake nilikuwa nikizisahihisha mimi. Nikaenda kumuuliza bosi nilipokosea.

"Hukukosea," alisema. "Wewe ni mzuri sana hapo ulipo. Nikikutoa, malori yatasimama."

Nilirudi mezani nisijue kama nimesifiwa au nimekataliwa. Mume wangu alisema labda sionekani, nizungumze zaidi mikutanoni. Nikazungumza. Mkutano wa pili ulipoisha, yule dada aliniuliza kwa upole kama ninaumwa. Mama aliyekuwa akituuzia chai naye akanishauri nipunguze bidii, kwani punda hodari ndiye anayebebeshwa. Nilijaribu siku mbili, nikashindwa. Dereva mmoja wa Kampala alisimama mbele yangu akasema tu, "Mama, nisaidie," na mikono ikaanza kazi bila kuniuliza.

Kisha mvua zikazidi, maji yakaingia nyumbani kwa mama yangu kule Budalang'i. Majirani walimtoa kwa mtumbwi, na wiki iliyofuata alikuwa amelazwa katika hospitali ya Nangina, kifua kimembana. Mimi ndiye binti yake pekee. Nikaomba likizo ya wiki mbili.

Bosi alishika kichwa. "Basi mfundishe mtu kwanza."

Siku tatu nilikaa na mwenzangu wa meza ya pili, mwanamume mkimya wa kutoka Chakol. Nilimwandikia kila kitu kwenye daftari, hata mambo niliyokuwa nikiyafanya bila kufikiri. Ukurasa mmoja nilisita kuuandika: jinsi ya kugundua kosa la uzito haraka kwa kuanzia kwenye karatasi ya mzani unaopima malori. Hiyo ilikuwa siri yangu. Nikaiandika, kwa sababu ya mama.

Siku mbili za kwanza nikiwa hospitalini, mwenzangu alinipigia kila saa. Ya tatu alipiga mara moja. Baadaye simu ikanyamaza kabisa. Nilikuwa nikimlisha mama uji, macho yangu yako kwenye simu.

"Unangoja nani?" akauliza.

"Kazi."

"Si hii hapa?" akasema, akafungua mdomo apewe kijiko kingine.

Niliporudi Malaba, malori yalikuwa yanasonga vizuri. Bosi aliponiita, nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kumwambia mume wangu kwamba nimefutwa kazi.

"Msimamizi wa ofisi yetu ya Busia anaondoka," bosi alisema. "Utaenda wewe. Sasa ninaweza kukutoa."

"Kwa sababu hapa sihitajiki tena?"

Akanitazama kana kwamba sijaelewa jambo rahisi sana. "Ndiyo," akasema.

Nikamshukuru. Halafu nikajifungia chooni nikalia, na mpaka leo sijui nilikuwa nalilia nini.

Huu ni mwaka wangu wa pili Busia. Mama alipona, akarudi kwake, hataki kusikia habari za kuhama. Juzi karani wangu hodari kuliko wote aliniuliza afanye nini ili apande cheo. Nikamwambia amfundishe mwenzake kazi yake yote, asibakishe kitu.

"Mama," akasema, "kuna mtu amekuambia unifute kazi?"

Nilimwambia hapana. Sikuona kama ameniamini.