Saa Isiyo na Uso

Dada yangu hutengeneza saa na simu katika kibanda kidogo mjini Nanyuki. Wanajeshi humletea saa nzito zilizoingia maji, na wafanyabiashara wa soko humletea simu zilizopasuka vioo. Mimi ninaishi Nyeri, na kila nikipita kwake hukaa kwenye kibao pembeni nikimtazama. Siku moja nilimkuta akifungua saa ambayo hakuna mteja aliyeileta.

"Ya nani?" nikamuuliza.

"Ya Mama."

Mama yetu anaishi peke yake upande wa Kianyaga, na ng'ombe mmoja na kipande cha majani chai. Presha ya macho ilikuwa imemwachia mwanga na giza tu, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Saa alizijua kwa namna jua lilivyopanda ukuta wa jikoni. Lakini mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka mlimani na kukaa, na ukuta huwa na rangi moja kutwa nzima. Julai hiyo alipeleka maziwa barabarani gari la kuyakusanya likiwa limeshapita. Siku nyingine alisimama pale kwenye manyunyu hadi jirani akamwambia kwamba bado ni mapema sana.

Kaka yetu mkubwa alikuwa amemjengea chumba Nyeri. Alisema shule zikifungwa atakuja kumchukua. Mama hakubishana. Aliuliza tu nani ataongea na ng'ombe.

Dada ndiye aliyekataa. "Nyumba anaijua, shamba analijua," aliniambia. "Kitu hajui ni saa. Mtu hahamishwi kwa sababu ya saa."

Alianza kwa kumnunulia saa inayoongea. Jumapili hiyo, watu wakiwa wameinamisha vichwa kanisani, saa ilitangaza wakati kwa sauti ya mwanamke wa mbali, na vijana wakaangua kicheko. Mama aliivua hapo hapo. "Hii iko na kiherehere," alisema. "Ati inajibu mtu hajauliza."

Ya pili ilitetemeka kila saa ilipotimia. Mama alisema ni kama kufungiwa nyuki mkononi, na akishughulika na ng'ombe alipoteza hesabu. Kwa ya tatu, dada aliondoa kioo na kuzungushia vitone vidogo ili Mama apapase kwa kidole. Niliona kazi ile na nikaamini tumefika. Mama alipapasa, akapapasa tena, akapinda mshale. Vidole vyake vimechuma majani chai tangu tukiwa wadogo. Ncha zake ni ngumu kama gome, na utomvu umeziingia mpaka hazijui kitone ni nini.

"Msiniangalie hivyo," alisema. "Vidole hivi ndivyo vilivyowasomesha."

Tulikuwa bado kwake jioni hiyo. Ng'ombe alikuwa amezaa, na Mama alimpashia ndama maziwa kidogo. Kabla ya kumpa, aligeuza mkono wake wa kushoto na kudondosha tone ndani ya kifundo, pale mishipa inapoonekana. "Bado inachoma," akasema, akasubiri. Tone la pili lilimridhisha.

Dada, aliyekuwa akiongea nami, alikatiza maneno yake katikati. Alinishika mkono, akaugeuza, akabonyeza ukucha wake mahali pale pale.

"Vidole vimelala," alisema, "lakini hapa pako macho."

Alichokitengeneza baada ya hapo nilikiona kikikua safari baada ya safari. Alichukua mashine ya saa ya zamani, ile ya kujazwa kwa kuzungusha kitufe, kwa kuwa ina nguvu kuliko ya betri. Aliilaza kifudifudi, upande wa mishale uelekee ngozi ya ndani ya kifundo. Badala ya mshale wa saa aliweka kisahani chenye kinundu kimoja, kidogo kama punje ya mchele. Springi laini ilikiinua kisahani kisiguse ngozi mpaka mtu abonyeze kwa juu. Na kwa kuwa Mama huhesabu saa za mchana kuanzia mapambazuko, dada alikipanga hivi: saa kumi na mbili kinundu kielekee kiganjani, saa tatu upande wa kidole gumba, saa sita kielekee kiwiko, saa tisa upande wa kidole cha mwisho. Kwa juu haikuwa na uso. Ilikuwa bamba tupu la chuma.

Aliniomba niijaribu. Nilifumba macho pale kibandani na kubonyeza. Kitu kidogo kilinigusa, karibu na kidole gumba. Nilikunywa chai, nikasoma gazeti, nikabonyeza tena. Kilikuwa kimehama. Nimevaa saa tangu nikiwa shule, nimezitazama mara zisizo na hesabu, na sikuwahi kujua kwamba ndani yake kuna kitu kinachotembea kweli. Sasa kilikuwa kimetembea juu yangu, kimyakimya, nikisoma habari za mpira. Nywele za mkono zilinisimama.

Shule zilipofungwa, kaka alikuja na pikapu. Mama alikuwa ameizoea saa yake. Ukungu ulikuwa umefunika hata ua. Kaka alipakia godoro na sanduku kwanza, ndipo akakubali kusikiliza habari ya saa hiyo.

"Haya, Mama. Saa ngapi?"

Mama alibonyeza bamba. "Nane imepita. Tisa iko karibu. Niache nikakamue."

Kaka alitazama saa kwenye simu yake. Alizunguka shambani, akaongea na jirani, akarudi na kumkuta Mama ameketi akisinzia kando ya debe la maziwa.

"Na sasa?"

Alibonyeza kabla hajafungua macho. "Kumi inakuja. Na wewe umeweka gari yako mahali gari ya maziwa inageukia."

"Na hiyo kitu ikizima?"

"Simu yako ikizima, wewe huhamia kwa nani?"

Dada alishika meza kwa kucheka. Kaka alijaribu kununa, akashindwa. Alitoka, akashusha godoro, akashusha sanduku, akavirudisha mwenyewe chumbani. Kisha akasogeza pikapu.

Mama alitembea mbele yetu hadi barabarani. Tulisimama kwenye ukungu bila kuona kitu. Gari lilisikika likipanda kilima kabla hatujaziona taa zake, na Mama alikuwa ameshafungua mfuniko wa debe.