Lami Iliyomchukua Mama

Mdogo wangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza huko Rwanda, mama hakuweza kwenda kumwona. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, na safari ya kutwa nzima kwenye basi ingemtesa. Akanituma mimi. Alinifungia mchele, matobolwa ya viazi aliyoyakausha mwenyewe na kanga za kumbebea mtoto, akaniagiza nimtazame binti yake vizuri ili nikirudi nimweleze kila kitu, hata jikoni kwake pakoje.

Tulizaliwa wasichana wawili tu. Mimi niliolewa palepale kijijini, upande wa Songwa, jirani na mama, nikawa nalima pamba na kuuza vitenge minadani. Mdogo wangu alipata kazi kwenye mgahawa wa Ushirombo, ambako malori ya kwenda Rwanda husimama, na huko ndiko alikokutana na mume wake. Wakaoana, akavuka mpaka. Sikuwahi kumwonea wivu. Yeye alikuwa mbali na mama, mimi nilikuwa naye kila siku, na moyoni nilijiona ndiye niliyepata fungu kubwa.

Nilipanda basi mjini Shinyanga alfajiri. Tulipoipita Kahama lami iliendelea, lakini kadiri tulivyousogelea mpaka ndivyo ilivyozidi kuchoka. Malori yenye shehena nzito yalikuwa yameikanyaga hadi ikabonyea mistari miwili ya matairi, na dereva wetu aliliyumbisha basi huku na huku akikwepa mashimo. Mama mmoja niliyekaa naye alitapika njia nzima. Kisha tukavuka daraja la Rusumo, gari likahamia upande wa kulia, na kelele za mabati ya basi zikanyamaza.

Barabara ilipanda vilima na kuviteremka ikiwa laini kama sakafu. Pembeni kulikuwa na mitaro iliyojengwa kwa mawe, na wanawake waliovaa vizibao vya kung'aa walikuwa wakifagia ukingo wa lami mahali ambapo sikuona hata nyumba. Nilicheka peke yangu kuona watu wanafagia barabara kama uwanja wa nyumbani. Muda si mrefu kicheko kilinikauka, nikabaki kuangalia dirishani huku roho ikiniuma, wala sikujua inaniuma nini.

Nyumbani kwa mdogo wangu njia ilikuwa ya mawe yaliyopangwa, ikafika hadi mlangoni. Mtoto alikuwa mzuri, nyumba safi. Mumewe alikuwa mtu mpole, na kazi yake, tangu alipoachana na malori, ilikuwa katika kikundi kilichokabidhiwa kipande cha barabara kuu. Walifyeka majani, walizibua mitaro na kuziba mashimo. Wakati wa chakula nilimuuliza kwa nini barabara zao ziko hivi na zetu ziko vile. Akanieleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha mpakani, kwamba nchi yao ni ndogo, mawe yamejaa vilimani kwao, na kila kipande kina watu wanaoulizwa kikiharibika. Maji ndiyo anayoyaogopa kuliko malori, alisema, maana maji yakikosa njia yanaingia chini ya lami na kuila kutoka ndani.

Maelezo yake yalikuwa mazuri na yakaniudhi.

"Lakini mali zenu zinapita kwetu, shemeji," nilimwambia. "Saruji, mafuta, kila kitu. Malori yanatuvunjia barabara, yakifika hapa yanateleza tu."

Hakukasirika. "Kweli, shemeji. Hapa pia yanavunja. Ila sisi shimo likiwa la sahani tunaliziba, hatungoji liwe la beseni."

Ningelimeza hilo. Ila mdogo wangu, akimnyonyesha mwanawe, akadakia, "Ninyi kule mnangoja serikali. Hata mtaro wa mbele ya nyumba hamzibui."

Alisema ninyi. Mtoto wa Songwa, aliyekulia kwenye tope lile lile, alikuwa ameshahama hadi kwenye maneno. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima ulipotoka kufanya usafi, nilichukua jembe nikachimba mtaro nao, nikachimba kwa nguvu kuliko wote ili waone.

Niliporudi nilimweleza mama habari za mtoto, za jikoni, za mapazia. Za barabara sikumwambia.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Njia yetu ya kutokea kijijini hadi Maganzo, kwenye lami ya Mwanza, inaanza kwenye mchanga, ambao sisi Wasukuma tunauita luseni, kisha inakata mbugani. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka unapasuka nyufa za kumeza mkono, ukilowa unakuwa uji mzito unaong'ang'ania gurudumu. Upande wa Mwadui, ndani ya uzio wa mgodi, nimeona tangu utotoni greda likichonga barabara na gari la maji likilaza vumbi. Nje ya uzio greda hupita likipata nafasi.

Asubuhi moja mama alianza kukosa pumzi. Pikipiki tuliyoiita ilizama kabla ya kufika. Mume wangu akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, tukamlaza mama juu ya godoro, tukamfunika turubai. Mbugani ng'ombe walizama hadi matumboni. Mume wangu na majirani walisukuma, mimi nilishika kichwa cha mama, nikawa namwambia tunakaribia, na yeye anajua hatukaribii. Tuliondoka umande haujakauka, tukaigusa lami mchana umeshageuka. Hospitalini daktari alisema ni moyo. Angepona, ila awe anahudhuria kliniki bila kukosa, na pumzi ikibana tena afikishwe upesi.

Mdogo wangu alikuja na mtoto mgongoni. Alipoambiwa tulivyomleta mama alilia sana. Kisha akamshika mama mkono na kusema, "Twende kwangu."

"Mama ana kwake," nilimjibu.

Kesho yake, tulipobaki wawili, mama aliniita kwa Kisukuma, sauti ya chini. Alisema anajua nimemtunza na hana lawama. "Lakini nilikuwa nimelala kwenye mkokoteni, pumzi inakwisha, na Maganzo haionekani. Sitaki kulala pale tena."

Aliporuhusiwa, mdogo wangu akaondoka naye. Nililia wivu, sina jina jingine la kukipa kilio kile. Nilijua fika kwamba mdogo wangu hakunizidi upendo wala uuguzi, alinizidi barabara. Kila nilipopiga simu mama alikuwa ana habari njema. Ameenda kliniki na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Siku moja alibanwa kidogo, gari la wagonjwa likamfuata mlangoni. Aliisifia ile barabara kama mtu anavyomsifia mkwe mwema, na mimi nikasema ndiyo mama, ndiyo mama, nikiwa nimesimama kwenye tope.

Kiangazi kilipoingia nilianza kuwazungukia majirani. Niliwaambia tuchimbe mitaro pande zote mbili kabla ya mvua. Wengine walicheka, wakasema nimerudi kutoka Rwanda na wazimu. Wanawake niliouza nao minadani walikubali kwanza, kisha mwenyekiti wa kijiji, kisha wanaume wakaleta mikokoteni ya mawe. Mwenyekiti alikwenda wilayani mara kwa mara hadi likaja greda na makalavati. Kijana mhandisi aliyekuja nalo nilimuuliza swali lile lile nililomuuliza shemeji. Alisema mbugani pale inabidi kuuondoa udongo mweusi wote na kujaza kifusi kutoka mbali, halafu kila mwaka pawe na mtu wa kupaangalia, na greda lenyewe linasubiriwa na wilaya nzima. Nilimwamini. Kumwamini hakukunipunguzia kijicho hata kidogo.

Mvua zilipokuja, kipande cha luseni kilisimama imara. Maji yalikimbia mtaroni kama tulivyoyaelekeza, na pikipiki zikapita. Mbugani yalipanda juu ya kalavati, yakakata njia katikati. Nilikwenda kutazama nikiwa na mwavuli, nikasimama ukingoni hadi miguu ikafa ganzi.

Mama alikuja baada ya mavuno, ana uso mpana, anatembea bila fimbo. Nilimtembeza kando ya mtaro wetu, nikamwonyesha mawe, nikamwonyesha alama ya mahali maji yalipofika. Alikagua kila kitu kwa uzito, akawashukuru wanawake mmoja mmoja, wabeja, wabeja. Alikaa kwangu miezi ya jua yote na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nilipokuwa msichana. Alipoona mawingu yameanza kukusanyika, akaniuliza kama pale mbugani tumeshapaweza.

"Bado, mama."

"Basi nitarudi mvua zikiisha," alisema.

Na ndivyo tunavyoishi sasa. Kiangazi ni changu, masika ni ya mdogo wangu. Safari iliyopita mdogo wangu alikuja kumchukua, nikawasindikiza hadi Maganzo, tukakaa kwenye benchi la muuza chai, nikamfunga mama kitambaa kichwani vizuri kwa ajili ya upepo wa dirishani. Siku ya pili mdogo wangu alinipigia. Wamelala Kahama, wamefika salama, alisema, na mama kuanzia Rusumo alisinzia hadi nyumbani, hata hakuchoka.

Nilimshukuru. Kisha nikakaa na simu mkononi, nikimwazia mama amelala usingizi kwenye gari, kichwa kimetulia, na barabara ya watu wengine inambeba.