Dungusi la Bi Zeituni na Neno Lililokosewa

Miaka haikumpita Bi Zeituni binti Salim kwa kishindo. Ilimchukua kidogo kidogo, kama maji ya ziwa yanavyoulamba ufuo: mwaka huu jino, mwaka ule mume, mwaka mwingine binti yake Rehma akaolewa Kakamega, hata akabaki peke yake katika chumba kimoja cha Nyalenda, mjini Kisumu. Peke yake, isipokuwa na kiumbe kimoja kilichosimama ndani ya debe kando ya mlango wake, kisichosema wala kusogea, nacho kilikuwa kikikua kwa subira iliyoishinda hata yake.

Kiumbe hicho kilikuwa dungusi, mmea wa miiba wa nchi kavu za mbali. Marehemu mumewe, Faraji, aliyekuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba la chai, ukipanda milima kutoka Sondu, alipewa dungusi hilo mwaka 1981 tajiri wake alipokuwa akirejea kwao. Lilikuwa na urefu wa kidole gumba. Lakini ajabu yake haikuwa miiba. Mwili wake wote ulifunikwa nywele nyeupe, ndefu na laini kama ndevu za mzee aliyeswali miaka themanini. Faraji alipokaribia kufa, mwaka 1986, alimwambia mkewe neno moja juu yake: "Hii ni amana, Zeituni. Usiiache." Na muumini anajua uzito wa neno amana.

Kulitunza Kisumu hakukuwa jambo jepesi. Mmea ule uliumbwa kwa kiu, na Kisumu ni mji wa mvua ya ghafla. Alasiri mawingu hujikusanya juu ya vilima vya Nandi, na kabla mtu hajaanua nguo, ua mzima umekuwa dimbwi. Bi Zeituni alijifunza kuyasoma mawingu kama wengine wanavyosoma saa. Alitoboa debe matundu, akachanganya mchanga wa ufuo wa Dunga aliouosha mara saba na matofali yaliyopondwa, na kila ngurumo iliposikika alilikumbatia debe akaliingiza ndani. Miezi ya masika hakulipa hata tone. Majirani waliopanga foleni kwenye bomba walimcheka: "Mama Rehma, kila kitu inalia maji, hiyo yako unanyima?" Naye alijibu, "Hii imefunga saumu, msiifuturishe."

Siku moja Milka, mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani, aliyekaa mlango wa pili, alisimama mbele ya debe mikono kiunoni. "Yawa! Hii kitu iko na mvi kuliko bwana yangu. Ni nini?"

Bi Zeituni alitaka kumjibu kwa Dholuo, kwa heshima ya jirani. Aliujua mmea uitwao ojuok, yaani mnyaa, ule wa kuzungushia ua, wenye utomvu mweupe kama maziwa. Akanuia kusema kwamba hili nalo ni la jamii hiyo. Ulimi ukateleza. "Ma en jajuok," akasema.

Wanawake waliokuwa bombani walicheka hata ndoo zikafurika.

"Mama, umesema umeweka mchawi kwa nyumba!" Milka alishika mbavu. "Ojuok, Mama, ojuok! Jajuok ni ule anakimbia usiku bila nguo."

"Basi huyu wangu hana nguo kweli," akajibu Bi Zeituni, "ila amejisitiri kwa nywele."

Tangu hapo dungusi likapewa jina hilo. "Jajuok ameamka aje?" Milka angeuliza asubuhi. "Ameamka salama, anakusalimu." Mzaha huo uliishi miaka mingi, na hakuna aliyejua kwamba mzaha nao, kama kisu, una upande wa pili.

Upande huo ulijitokeza Aprili 1993. Apiyo, mjukuu wa Milka, mtoto wa miaka sita, alirudi nyumbani jicho limevimba hata halifunguki. Zahanati walimsafisha, wakamfunga bandeji, na muuguzi akasema kwamba maziwa ya mti yamemwingia. Mti gani? Mtoto alilia tu, hakusema. Lakini wapangaji wa ploti ile walikuwa na mti mmoja tayari akilini, na jina lake walilijua.

Walikuja asubuhi, Milka mbele na mtoto mgongoni, na Mzee Gordon, mzee wa mtaa, nyuma yao.

"Wewe mwenyewe ulituambia jina yake," Milka alisema, na sauti yake haikuwa ya jirani tena. "Tukacheka. Kumbe ulikuwa unasema ukweli."

"Milka, mimi na wewe tumekula sahani moja."

"Sahani ndiyo. Lakini hii jicho ni ya nyathi wangu, mtoto wangu!"

Mtu akapaza sauti, "Mwaga parafini!" Mzee Gordon akainua fimbo yake. "Nyamazeni. Mimi sitaki maneno ya jina. Muuguzi alisema maziwa. Basi tukate, tuone. Ikitoa maziwa, tunachoma hapa hapa, na wewe Mama unatafuta ploti ingine kabla ya jioni. Ikikosa, kila mtu anashona mdomo yake."

Hapo ndipo Bi Zeituni alipoingiwa na hofu, kwa sababu hakujua ndani yake mna nini. Katika miaka kumi na miwili hakuwahi kulijeruhi dungusi lile hata kwa ukucha. Huenda lilikuwa ndugu wa mnyaa kweli. Huenda alikuwa akiosha mchanga na kukumbatia debe kwa ajili ya sumu. Na hata kama halikuwa na maziwa, kulikata ni kuliua, na amana ya marehemu ingefia mikononi mwake mwenyewe. Lakini alimtazama mtoto aliyefungwa jicho, akaingia ndani, akatoka na kisu cha jikoni.

"Halikatwi na mtu mwingine," alisema.

Akatia nywele zile nyeupe kwenye kiganja, akasema Bismillahi, akalikata kichwa.

Kilichotoka kilikuwa maji. Maji angavu, yenye utelezi kidogo kama wa bamia, yakajaa juu ya jeraha na kumeta juani. Hapakuwa na tone la maziwa. Mmea ambao kwa miezi haukunyweshwa ulikuwa umebeba kisima tumboni mwake, na watu hawakujua. Kabla hawajamzuia, Bi Zeituni alichovya kidole, akajipaka jichoni. Wakamngoja, wakimkodolea macho, mpaka adhana ya adhuhuri ikasikika kutoka msikitini. Jicho lake lilikuwa kavu na zima.

Ndipo Apiyo alipoanza kulia, akaonyesha ua wa mnyaa nyuma ya choo. Alikuwa akivunja vijiti vyake apate gundi ya kuchezea. Milka alikwenda, akaviona vijiti vilivyokatika, maziwa yakiwa yameganda juu yake. Alirudi akapiga magoti.

"Mama Rehma," alisema akifuta machozi, "ulimi wako ndio jajuok. Mti haina makosa."

"Na wako je?" Bi Zeituni akamwinua. "Haya, mpeleke mtoto kivulini."

Jicho la Apiyo lilipona kabla ya mwezi kwisha. Dungusi, kila mtu alijua, limekufa. Bi Zeituni hakuweza kukitupa kile kichwa kilichokatwa. Alikilaza juu ya rafu ya vyombo, bila udongo, bila maji, kama mtu anayechelewesha maziko. Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja alikiinua afute vumbi, akakigeuza: chini ya jeraha lililokauka palikuwa na mizizi, myembamba na myeupe, ikinyoosha vidole hewani kutafuta ardhi ambayo haikuonyeshwa. Akatoka nje mbio. Na kwenye shina lililobaki debeni, kuuzunguka mkato, vilikuwa vimechomoza vichwa vitatu, kila kimoja kikubwa kama punje ya hindi, kila kimoja kimeshavaa mvi zake. Watoto waliozaliwa wazee! Alikaa chini pale pale mchangani, akamsabihi Muumba mpaka sauti ikamwisha.

Kichwa chenye mizizi alimpa Milka. Alimfundisha kuosha mchanga mara saba, na siku za mvua wanawake wawili huonekana wakikimbia na madebe yao, kila mmoja akimhimiza mwenzake.

Haya yanaandikwa mwaka 1998, naye Bi Zeituni yu hai, mgongo umeinama kidogo. Ewe Mola uliyeficha maji ndani ya miiba, mpe Bi Zeituni umri wenye afya na mwisho mwema. Mrehemu Faraji uliyemwita kwako. Mbariki Rehma na kizazi chake, na uieneze baraka hiyo hata mlango wa pili, kwa Milka na Apiyo na wote watakaozaliwa nyumbani mwao. Amina.