Mwito wa Tatu

Juzi, kwenye kibanda cha viazi karai huko Mjambere, nilimwona msichana akisoma kipande cha gazeti alichofungiwa viazi. Mafuta yalikuwa yamelowesha maandishi, lakini alikuwa amezama mle mpaka mwenzake akamsukuma bega. "We, utakula na karatasi?"

Mimi nilizama hivyo mchana mmoja utotoni, barazani kwa nyanya yangu. Kulikuwa na harufu ya nazi inayokunwa, na kwa mbali milio ya wachonga mawe wa Mwakirunge. Kipande changu cha gazeti kilisimulia habari za mtu aliyepotea.

"Dama," nyanya aliita kutoka jikoni.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba sauti ya mtu usiyemwona haiitikiwi upesi, huenda ikawa ya pepo. Ngoja iite mara ya tatu, ndipo useme abee. Nikaendelea kusoma.

"Dama." Safari hii polepole, kama mwenye usingizi.

Ya tatu haikuja. Nilidhani amepata alichotaka. Nilimaliza habari ile, nikageuza karatasi, nikasoma hata matangazo. Nilipoingia jikoni, alikuwa amelala ubavu kando ya mbuzi ya kukunia nazi, mdomo umekwenda upande. Hakusema tena mpaka tukamzika.

Leo najua kiharusi kilimbakishia sauti ya mara mbili tu. Mama alinikumbatia, akasema nilifuata nilivyofunzwa. Sikumwambia kwamba sikuwa nikihesabu. Sauti ile niliijua, ila nilitaka kwanza kujua kama yule mtu alipatikana.